Uzi kwa walio jeshini na wenye vijana depo: mbu, kupe na papasi tunawakabili vipi?

Mganga Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi, nimestaafu nalo, na kwa kuwa vijana wetu wanakaribia tena kwenda depo, yaani mafunzo ya awali ya jeshi, nimeona nilitoe hapa.

Nilikuwa tabibu wa kikosi. Si daktari bingwa. Ni yule mtu anayegongewa mlango saa nane za usiku askari anapoanza kutetemeka. Mwaka mmoja tulipokea vijana waliohamishiwa kambi ya pwani wakitokea nyanda za juu. Mmoja alikuwa mtoto wa Makete, mrefu, mpole, na kwenye mbio hakuna aliyemkaribia. Hajamaliza mwezi, wenzake wanne wakamleta zahanati wamemshika mikono na miguu. Hajui yuko wapi, anamwita mama yake kwa Kikinga. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Tukamtundikia dripu ya kwinini na tukakesha naye siku tatu. Alipona, nashukuru Mungu, ila wiki kadhaa zilizofuata yule mkimbiaji alitembea kwa kushika ukuta.

Nikaenda hangani, yaani kwenye bweni la askari, kuangalia alipokuwa akilala. Shuka halina hata kunyanzi. Buti zinang'aa. Chandarua kipo, tena kipya, ndani ya mfuko wake wa plastiki ambao haujafunguliwa, kimewekwa juu ya sanduku, kimeelekezwa upande mmoja na vyandarua vya wenzake wote. Siku ya ukaguzi kilitakiwa kionekane hivyo. Hakuna mkubwa aliyewahi kupita saa tano usiku kuangalia kama kimetundikwa.

Hoja yangu yote iko kwenye ule mfuko wa plastiki. Askari hufanya kile anachokaguliwa. Ukimkagua buti, zitang'aa. Ukimkagua chandarua kilichokunjwa, atakikunja vizuri sana. Dawa tunazo, vyandarua tunavyo, elimu ipo, na bado vijana wanaugua kwa sababu mbu hayumo kwenye orodha ya ukaguzi.

Kuna watu hudhani Mwafrika mtu mzima kaizoea malaria. Kinga hiyo anayo yule aliyeumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara tangu utotoni, na hata yeye akikaa miaka michache mahali pasipo na mbu inapungua. Kijana aliyekulia kwenye baridi ya Makete au Nyandarua ukimshusha Kilwa, mbele ya malaria hana tofauti na mgeni aliyeteremka jana kutoka Ulaya. Jeshi huchanganya watu kutoka kila pembe ya nchi, ndiyo sifa yake, lakini kwa tabibu maana yake ni kwamba ndani ya hanga moja una watu wenye kinga na wasio nayo, na wote wamevaa sare moja.

Vita vya kwanza vya dunia vilipiganwa hapa hapa kwetu, na hesabu zake zinatisha. Mwaka 1916 Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza aliingia kwenye koloni la Mjerumani na jeshi kubwa. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza mwezi Februari na watu 1,135. Kufika Oktoba waliobaki wazima walikuwa 116, na mapigano yenyewe walikuwa hawajayaonja sana. Malaria, kuhara damu na njaa ndivyo vilivyowamaliza. Upande wa pili von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, kilichokuwa na mikwinini, miti inayotoa kwinini. Walitengeneza kwinini yao wenyewe, na walipofukuzwa kaskazini wakawa wanachemsha magome na kunywa yale maji machungu. Wazungu wao wakayabatiza jina la pombe ya Lettow. Wapagazi wetu je? Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, na tunapita pale kila siku tukitafuta mitumba.

Nitaandika kuhusu dawa ya kutia kwenye sare, dawa ya kupaka kwenye ngozi na papasi kadiri mtakavyouliza. Wenye uzoefu karibuni mchangie.

Mjukuu wa Keya

Shikamoo mzee. Mimi niko Nakuru. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles ya Waingereza, alikwenda Bama (Burma, leo Myanmar) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944. Risasi hakuzizungumzia sana. Alizungumzia mvua, matope na bonde moja linaloitwa Kabaw, na vidonge vya manjano. Alisema sajini alisimama mbele ya mstari kila jioni, unaweka kidonge mdomoni, unameza maji, unafungua mdomo, anaangalia hadi chini ya ulimi. Walipigwa marufuku kukunja mikono ya shati jua likishatua. Kulikuwa na uvumi kwamba vidonge vile vinaua nguvu za kiume, baadhi wakawa wanavitema nyuma ya hema. Babu alimeza vyote, na alizaa watoto tisa. Alirudi ngozi na macho vikiwa na rangi ya manjano, nyanya akadhani amerudi na ugonjwa wa ini.

Mganga Mstaafu

Marahaba mjukuu, na Mungu amrehemu mzee wako. Vile vidonge ni mepakrini. Wajapani walikuwa wameiteka Java iliyokuwa ikitoa kwinini nyingi ya dunia, kwa hiyo Waingereza na Wamarekani wakategemea hiyo dawa ya kutengenezwa kiwandani. Manjano ile ilikuwa rangi ya dawa yenyewe kukaa kwenye ngozi.

Umenipeleka pale pale nilipotaka kufika. Mkuu wa jeshi la Waingereza huko Bama, Jenerali William Slim, mwaka 1943 alikuta kwa kila askari mmoja anayeondolewa vitani kwa jeraha, 120 wanaondolewa kwa ugonjwa. Mia na ishirini! Hospitali zisingetosha hata angejengewa mia. Akaamua kuwa kukinga malaria ni kazi ya makamanda, si ya madaktari. Alikuwa akituma watu kwa ghafla kupima kikosi kizima kama dawa imo mwilini. Chini ya asilimia 95, kamanda wa kikosi anafukuzwa kazi. Alifukuza watatu tu, waliobaki wakaelewa. Kufika 1945 waliokuwa wakiugua kwa siku walikuwa kama mmoja kati ya elfu.

Kidonge kilikuwa kile kile alichokitema mwenzake babu yako nyuma ya hema. Aliyebadilika ni kamanda, ambaye sasa alijua naye atakaguliwa.

Mwana wa Mvumi

Nimeona umetaja papasi kwenye kichwa cha uzi nikaingia haraka. Sisi Ugogo tunawafahamu. Wengi wa mjini hawamjui papasi, wanadhani ni kupe tu. Kupe unamkuta amekuganda, amevimba, unamtoa. Papasi humwoni. Anaishi kwenye vumbi na nyufa za sakafu ya udongo na chini ya kuta, anatoka usiku umelala, anakunyonya kwa muda mfupi, kabla hakujakucha karudi kwenye ufa wake. Asubuhi unajikuna tu hujui nini. Bibi yangu alikuwa akihamia nyumba iliyokaa tupu, kwanza anakandika upya sakafu na kuta ndipo tunalala.

Siku moja alinionyesha. Alichokonoa ufa kwa kijiti karibu na mguu wa kitanda, akakusanya vumbi kwenye ungo, akaliweka juani. Kwanza huoni kitu, ni vumbi tu. Jua lilipopata moto vumbi likaanza kutembea. Walikuwa sita, wa rangi ya udongo, ngozi kama ya begi kuukuu.

Mganga Mstaafu

Ahsante sana, hakuna kitabu kingeeleza vizuri kuliko hivyo. Wakuu, someni tena hapo kwenye vumbi lililotembea.

Homa ya papasi ni ugonjwa wa kiaskari na wa kimsafara tangu zamani. Livingstone aliandika habari za wadudu hawa katikati ya karne ya 19. Mwaka 1905 watafiti Dutton na Todd wakiwa Kongo walithibitisha kwamba ndio wanaoeneza homa hiyo. Dutton mwenyewe aliipata na akafia Kasongo mwaka huo huo, akiwa bado kijana. Wakati huo huo mtafiti Mjerumani Robert Koch alikuwa upande wetu akiwatafuta papasi kwenye vibanda vya kulala wasafiri kando ya njia za misafara. Aligundua jambo la kutisha, kwamba papasi jike hurithisha vimelea kwa mayai yake. Na mdudu huyu anaweza kukaa miaka bila kula. Kibanda kilichoachwa tangu mwaka juzi bado kina wenyeji wanaokusubiri.

Kanuni waliyoijua maaskari wa zamani ni usilale kwenye kibanda kilichotumika na watu wengine, na usipige kambi juu ya kambi ya jana. Sisi siku hizi tunafanya kinyume. Kwenye mazoezi ya porini, kijana aliyechoka kwa ruti machi, ule mwendo mrefu wa mazoezi, akiona boma lililohamwa anaona bahati, paa analo, upepo haumpigi. Nimewahi kupokea watu saba wa platuni moja, wote walilala kwenye banda moja la zamani. Homa kali siku tatu, inashuka, mtu anapata nafuu anarudi kazini, baada ya wiki inamrudia, inashuka tena, inarudi. Wawili walikuwa wameshameza dozi mbili za malaria kila mmoja.

Fundi wa Maabara

Hapo naomba niingie, maana ndiyo kazi yangu. Siku hizi zahanati nyingi zinategemea kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinatafuta malaria tu. Mwenye homa ya papasi kitasema hana kitu, na hapo mtu ataambiwa ana taifodi au apumzike. Vimelea vya papasi unaviona kwa darubini, kwenye damu iliyochukuliwa wakati homa iko juu. Unapaka damu kioo, unaweka rangi ya Giemsa, unaviona vimejipinda kama uzi wa cherehani uliokatika. Ukichukua damu homa imeshashuka, utavikosa.

Kwa hiyo mgonjwa akija mwambieni mtu wa maabara: homa hii inaondoka na kurudi, na nililala kwenye nyumba ya udongo. Sentensi hiyo moja ndiyo inayomfanya achukue kioo.

Mganga Mstaafu

Kweli kabisa mkuu. Tiba ipo na si ghali, antibayotiki za kawaida kama doksisaiklini zinaimaliza. Ila itolewe mahali penye mhudumu, kwa sababu saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka vibaya, presha ikashuka. Vimelea vinakufa vingi kwa pamoja na mwili unashtuka. Askari wasiojua humkimbiza mwenzao wakidhani dawa imemdhuru, na wanaacha dozi katikati.

Mama wa Kuruta

Habari za humu. Mwanangu anaondoka mwezi ujao, ni mtoto wangu wa mwisho. Mzee umenitisha. Naomba uniambie kwa lugha rahisi nimfungie nini kwenye begi, na hiyo dawa ya kupaka kwenye nguo haina madhara kwake?

Mganga Mstaafu

Mama, usiogope. Mtoto anayejua ni salama kuliko mtoto jasiri asiyejua.

Nianze na nguo, maana chandarua hakivaliwi kwenye lindo. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia kama saa nne usiku hadi alfajiri, na hiyo ndiyo saa ya lindo, doria na kuvizia. Mwanao atakuwa amesimama kimya gizani saa tatu nzima, bunduki mkononi, hawezi hata kujipiga kofi. Kinachomlinda pale ni kitambaa alichovaa na alichopaka kwenye ngozi.

Dawa ya nguo inaitwa permethrini. Ni jamii ile ile ya dawa inayowekwa kwenye vyandarua vyenu vya nyumbani. Inapuliziwa kwenye kombati na soksi, inaachwa ikauke kabisa, kisha inavaliwa. Mbu akitua anadondoka au anakimbia, kupe akipanda analegea miguu na kuanguka kabla hajauma. Ile ya kupulizia mwenyewe hudumu kama mafuo sita hivi, sare iliyotiwa kiwandani hustahimili kama hamsini. Haipakwi kwenye ngozi. Ikiwa bado mbichi ni sumu kwa paka, na kwa samaki na nyuki ni sumu siku zote, kwa hiyo asifulie mtoni. Nguo ikishakauka mvaaji hana neno.

Kwenye ngozi iliyo wazi, yaani shingo, masikio, viganja kwa juu na usoni kwa uangalifu, apake dawa yenye DEET, kiasi cha asilimia 20 hadi 30. Hii nayo ina asili ya jeshi, iliingia matumizi ya jeshi la Marekani mwaka 1946, raia wakaipata 1957. Mwambie inayeyusha plastiki, asishike kioo cha saa wala simu mikono ikiwa na dawa. Akipaka mafuta ya kukinga jua, yatangulie, hii ifuate.

Na avae ipasavyo. Suruali ndani ya buti, shati ndani ya suruali, mikono imeshushwa na kufungwa. Kupe hapandi kutoka juu ya mti kama wengi wanavyosema. Anakaa kwenye ncha ya jani la nyasi, miguu ya mbele ameinyoosha, anasubiri mguu upite. Akikuta buti imefunikwa vizuri anatembea juu ya nguo yenye dawa, na hapo ndipo anapopatikana.

Kijana wa Kitaa

Wakuu heshima zenu, ila mimi naona haya ni mambo ya majeshi yenye hela. Sisi bibi zetu walichoma kivumbasi na maisha yakaenda. Dawa hizo kila baada ya mafuo sita nani atanunua?

Mganga Mstaafu

Kijana, kivumbasi sikidharau. Harufu yake kweli hufukuza mbu, na mafuta ya mkaratusi wenye harufu ya limau yametengenezewa dawa inayouzwa dunia nzima. Tatizo la moshi kwa askari unalijua mwenyewe: anayevizia hawezi kuwasha moto. Na mafuta ya majani hupeperuka mapema, lindo halijaisha.

Kuhusu hela, tupige hesabu kwa upande wa pili. Mgonjwa mmoja wa malaria kali anahitaji kitanda, dawa, gari, mtu wa kumwangalia, na nafasi yake kwenye lindo inajazwa na mwenzake ambaye naye atachoka. Ndiyo maana nimetaja mia na ishirini kwa mmoja.

Na usidhani sisi hatuna mchango kwenye hizi dawa. Watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara, hapa Tanzania, wamejaribu magunia ya kawaida yaliyotiwa dawa inayoitwa transfluthrini, yakining'inizwa tu mbu wanapungua bila umeme wala moto. Wakaweka kitambaa hicho hicho kwenye ndala. Hebu fikiria gunia la namna hiyo kwenye kibanda cha mlinzi getini.

Halafu dawa mseto ya malaria unayopewa ukiugua, hivi unajua ilikotoka? Tarehe 23 Mei 1967 Wachina walianzisha mradi wa siri ukaitwa 523 kwa tarehe hiyo, kwa sababu askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakimalizwa na malaria porini. Mama mmoja, Tu Youyou, akaipata dawa kwenye mmea, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Mtoto wako akiugua leo anapona kwa dawa iliyotafutwa kwa ajili ya askari.

Askari wa Ughaibuni

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, natumikia jeshi la Marekani. Nithibitishe la mzee kuhusu ukaguzi. Sisi sare zinakuja zimeshatiwa permethrini kutoka kiwandani, na kwenye mafunzo ya kabla ya safari tunafundishwa kisa cha Liberia mwaka 2003. Wanamaji kama 225 waliteremka Monrovia, 80 wakapata malaria. Jeshi tajiri kuliko yote duniani. Vidonge walipewa, walipoulizwa ni zaidi kidogo ya nusu tu waliokuwa wakimeza sawasawa. Wenye sare za dawa walikuwa wachache mno. Aliyelala ndani ya chandarua hakuwepo hata mmoja. Kijana wa Kitaa, hela zilikuwepo.

Kijana wa Kitaa

Aisee. Hapo nimenyoosha mikono. Nashukuru kwa elimu.

Mwana wa Mvumi

Mzee, na kupe akishaganda? Kwetu watu wanamchoma kwa sigara au wanampaka mafuta ya taa.

Mganga Mstaafu

Hapana, hapana. Ukimchoma au kumpaka mafuta anatapika ndani ya jeraha, na matapishi ndiyo yenye ugonjwa. Chukua kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja bila kuzungusha. Osha kwa sabuni. Usimpasue kwa kucha. Hili la kucha nalisisitiza kwa sababu ya homa ya Krimea-Kongo, inayosababisha kutoka damu na huua. Jina lake lina historia ya kijeshi. Mwaka 1944 askari wa Kisovieti waliokuwa wakisaidia mavuno Krimea waliugua, kama mia mbili hivi. Mwaka 1956 kirusi kikapatikana kwa mgonjwa Kisangani, baadaye ikajulikana kuwa ni kile kile. Uganda wanaipata hadi leo. Damu ya kupe aliyepasuliwa, au ya ng'ombe aliyechinjwa akiwa na kupe, inatosha kuambukiza. Vikosi vinavyochinja mifugo yao wenyewe porini wavae glavu.

Jioni baada ya doria kila mtu avue, akaguliwe na mwenzake. Kwapani, kinenani, nyuma ya goti, kwenye mkanda, nyuma ya masikio. Hakuna aibu. Ukikuta kidonda kidogo chenye kigaga cheusi na una homa, hiyo ni homa nyingine ya kupe, nenda zahanati ukakionyeshe, usikifunike kwa plasta.

Mama wa Kuruta

Mzee, na mchana je? Nimesikia kuna mbu wa mchana.

Mganga Mstaafu

Wapo, mama, na umeuliza vizuri. Mbu wa dengue na chikungunya huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Chikungunya yenyewe ilitambuliwa kwetu mwaka 1952, uwanda wa Wamakonde, na jina ni la Kimakonde, mtu aliyepindwa na maumivu ya viungo. Dengue Dar es Salaam imetutesa 2014 na tena 2019. Mbu hao hawatoki vinamasini. Wanazaliwa kwenye matairi, mapipa yasiyofunikwa, ndoo za kuzimia moto, na mahandaki yaliyojaa maji ya mvua. Kambi ina vyote hivyo. Matairi ya kuzungushia bustani na kupakwa chokaa meupe pee, yanapendeza sana siku ya mgeni rasmi, kila moja lina kikombe cha maji ndani. Yatobolewe au yajazwe udongo.

Na kama kijana atapelekwa nje ya nchi akapewa vidonge vya kinga, avimalize. Doksisaiklini na mefloquine humezwa wiki nne zaidi baada ya kurudi, maana vimelea vinaweza kuwa vimejificha. Wengi huacha siku ndege inapotua nyumbani, kisha wanaugua sebuleni mbele ya familia, na daktari wa mtaani hajui mtu alikuwa wapi.

Sajini Mkaa Kimya

Wakuu, mimi bado niko kazini, nimekuwa nikisoma uzi huu bila kuchangia. Jana saa tano na nusu usiku nilichukua tochi nikapita hanga la vijana wangu. Vitanda ishirini. Vyandarua vilivyotundikwa kumi na moja. Nikawaamsha waliobaki, nilikuwa nimejiandaa kufoka. Mmoja akaniambia, "Afande, chandarua ninacho, ila hakuna pa kufungia kamba." Nikamulika juu. Kweli, boriti iko mbali na ukuta ni wa saruji, hauna hata msumari. Watatu zaidi walikuwa vivyo hivyo. Wengine wanne vyao vina matundu, wanaona havina kazi. Mmoja alikuwa lindoni.

Miaka mitatu niko kwenye hanga hilo na sijawahi kutazama juu.

Mganga Mstaafu

Afande, Mungu akubariki. Ukuta wa saruji tumia misumari ya zege, ya kawaida itapinda. Au vuta waya mmoja kutoka ukuta hadi ukuta juu ya safu yote ya vitanda, kila mtu afunge kwenye waya huo, ndivyo tulivyofanya sisi. Matundu yashonwe kwa sindano na uzi, hata kiraka kinafaa, dawa iliyomo bado inafanya kazi. Na yule aliyekuwa lindoni alivaa nini mikononi?

Sajini Mkaa Kimya

Alikuwa amekunja hadi kwenye kiwiko. Nimemshushia mwenyewe. Waya nimeshapata, tunavuta leo jioni kabla ya paredi ya mwisho.